Saini ya Mama: Kuandikishwa kwa James Martin, 1915

James Martin anaaminika kuwa askari mdogo kuliko wote waliokufa upande wa Australia katika Vita Kuu ya Kwanza. Alikuwa na miaka 14 na miezi tisa. Kwa kawaida anasimuliwa kama mtoto jasiri aliyedanganya umri ili aende vitani. Makala haya yanaipinga simulizi hiyo, kwa kuwa inamtwisha mtoto lawama iliyopaswa kuwaangukia watu wazima.

Alizaliwa Tocumwal, New South Wales, Januari 1901, mtoto wa kiume pekee kati ya watoto sita. Baba yake, Charles, mhamiaji kutoka New Zealand, aliishi kwa kazi za kubangaiza: mara duka la vyakula, mara vibarua, mara kuendesha gari la kukodi. Familia ilihamahama hadi ikatua Hawthorn, Melbourne. Vita vilipoanza Charles alitaka kujiunga, akakataliwa kwa sababu ya umri. Hapo James akajitokeza. Wazazi walipomzuia, aliwaambia kwamba angejiandikisha kwa jina la bandia na wasingepata barua yake hata moja. Mama yake, Amelia, akatia saini.

Je, hiyo ni ridhaa? Amelia hakuulizwa kama mwanawe aende au abaki. Alichoachiwa ni kujua aliko au kumpoteza kabisa. Sheria ilidai kibali cha mzazi kwa kila aliye chini ya miaka 21, na karatasi ilipopatikana waandikishaji waliridhika. Hakuna aliyedai cheti cha kuzaliwa. Tarehe 12 Aprili 1915, mtoto wa miaka 14 akaandikwa kuwa na miaka 18.

Utumishi wenyewe ulikuwa mfupi mno. Septemba 2, meli ya Southland iliyokuwa ikimpeleka yeye na wenzake kwenye uwanja wa vita wa Gallipoli, Uturuki, ilipigwa topido katika Bahari ya Aegean. James alikaa majini takriban saa nne kabla ya kuokolewa. Siku chache baadaye alikuwa mahandakini. Mashambulizi makubwa ya Agosti yalikuwa yamekwisha, lakini nzi, uchafu na uhaba wa maji viliendelea kuua. Barua za nyumbani hazikumfikia, naye aliandika kwamba hajambo, wasiwe na wasiwasi. Homa ya matumbo ilimdhoofisha hadi akahamishiwa meli ya hospitali Glenart Castle, Oktoba 25. Alifariki usiku uleule, akazikwa baharini.

Wapo watakaosema kwamba wakati ule jeshi lisingeweza kuhakiki umri. Kisa cha Sidney Lewis wa Uingereza kinawajibu. Alijiunga akiwa na miaka 12, akapigana katika vita vya Somme, Ufaransa, mwaka 1916. Mama yake alipeleka cheti cha kuzaliwa kwenye Wizara ya Vita, na mtoto akarudishwa nyumbani. Cheti cha namna hiyo kingeweza kuombwa Melbourne, mezani, kabla ya kiapo.