Chumvi ya Uvinza na Mlango wa Seli

Mto Ruchugi unateremka kutoka nyanda za juu za Buha, zilipo leo wilaya za Kasulu na Kibondo, na kuungana na Malagarasi huko Uvinza, mahali penye chemchemi za maji ya chumvi. Uchimbuaji wa kiakiolojia wa John Sutton na Andrew Roberts mwaka 1967 ulionyesha kwamba chumvi ilipikwa hapo tangu yapata karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Kila kiangazi watu kutoka pande nyingi walikusanyika, wakachota maji hayo, wakayachemsha katika vyungu vya udongo hadi yakakauka, na wakawalipa watawala wa Wavinza ushuru wa chumvi kabla ya kuondoka na mizigo yao. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1858 akielekea Ujiji, aliikuta biashara hiyo ikiwa imestawi.

Miongoni mwa walioitegemea chumvi hiyo walikuwa Waha wa Heru, katika eneo la Kasulu, na wa Muhambwe, katika eneo la Kibondo, ambao mtama, ulezi, maharage na ndizi zao zilikuwa na potasiamu kwa wingi lakini sodiamu, ambayo ni sehemu mojawapo ya chumvi, kidogo sana. Thamani ya mzigo wa chumvi katika milima hiyo haikutokana na ladha peke yake, kwa kuwa sodiamu ni mahitaji ya kila seli ya mwili.

Kila seli, yaani chembe hai ndogo inayojenga mwili, imezungukwa na utando mwembamba wa tabaka mbili za mafuta. Oksijeni hupenya utando huo yenyewe, ikitoka ilikojaa kwenda ilikopungua, na mwendo huo huitwa difyusheni. Chembe za sodiamu na potasiamu, kwa sababu zina chaji ya umeme, haziwezi kupita katika mafuta, hivyo hupitia milango ya protini iliyopachikwa ndani ya utando. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark alieleza kimeng'enya ambacho baadaye kilitambuliwa kuwa pampu: kwa kutumia nishati ya seli, hutoa chembe 3 za sodiamu nje na kuingiza 2 za potasiamu, na tofauti inayobaki kati ya nje na ndani ndiyo inayowezesha mishipa ya fahamu kupeleka taarifa na misuli kukaza.

Maji nayo hufuata chumvi. Kuvuka kwake utando kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi huitwa osmosisi, na kwa njia hiyo samaki aliyetiwa chumvi hudumu bila kuoza, kwa sababu maji hutoka katika nyama yake na katika bakteria ambao wangemwozesha.

Kanuni hizo hizo ziligeuka kuwa suala la uhai na kifo mwaka 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa walipofurika katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. Kufikia mwishoni mwa Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa limetangaza wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Wakimbizi walisafirishwa kwa meli, ikiwemo MV Liemba, hadi mjini Kigoma, kisha wakapelekwa katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye mwaka huo kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena.

Sumu ya kipindupindu hulazimisha seli za utumbo kumwaga kloridi, nayo sodiamu na maji hufuata, hata mgonjwa akapoteza lita nyingi kwa siku moja. Hata hivyo upo mlango mmoja ambao sumu hiyo haiufungi. Mwaka 1960, mjini Prague, Robert Crane alipendekeza kwamba sukari aina ya glukosi huingia katika seli za utumbo ikiwa imeandamana na sodiamu, na maji huzifuata zote mbili. David Nalin na Richard Cash walithibitisha faida ya mlango huo kwa wagonjwa huko Dhaka mwaka 1968, na mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliwatibu wakimbizi wa Bangladesh kambini Bongaon, India, kwa kinywaji cha chumvi na sukari, vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Pakiti za ORS, yaani mchanganyiko huo wa chumvi na sukari, zilizokorogwa Nyarugusu zilitokana na maarifa hayo.

Ufanisi wa kinywaji hicho hutegemea kipimo, kwani chumvi ikizidi huyavuta maji kutoka katika seli za mgonjwa, sawasawa na inavyoyavuta kutoka kwa samaki. Ndiyo maana mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza chumvi katika kila lita kutoka gramu 3.5 hadi 2.6, na glukosi kutoka gramu 20 hadi 13.5. Waha waliobeba chumvi ya Uvinza kwa mabega na wauguzi waliokoroga pakiti kambini walihudumia hitaji moja: kuifikisha sodiamu, kwa kiasi kinachofaa, kwenye mlango wa seli.