Kila kampeni, bwawa jipya

Uzi mfupi kuhusu maji ya Nairobi, maana ahadi zimeanza tena.

Jiji hili limekuwa likifuata maji mbali zaidi kila kizazi. Lilianza na chemchemi za Kikuyu, likaenda Ruiru, likapanda Sasumua miaka ya 1950, kisha Ndakaini mwaka 1994: mita za ujazo milioni 70. Juzi tumechimba handaki la karibu kilomita 12 kule Murang'a, na wenyeji wakalalamika kwamba mito yao inachukuliwa. Na bado Kayole mfereji unakohoa hewa.

Ripoti za WASREB zinasema jambo lile lile mwaka baada ya mwaka: zaidi ya thuluthi moja ya maji ya Nairobi hayalipiwi. Yanavuja, yanaibwa, ama mita haisomi. Angalia Umoja. Ilijengwa miaka ya 1970, nyumba za chini za familia moja. Leo kwenye ploti zile zile kumesimama maghorofa. Ukisukuma maji zaidi kwa bomba bovu, presha inapanda na uvujaji nao unapanda.

Sasa mtu akituambia "tuhifadhi maji", namuuliza, nani ahifadhi? Mama wa Dandora anayenunua mtungi wa lita 20 anafulia hayo maji, anadeki nayo, halafu anamwaga chooni. Yeye alishaanza kitambo. Zamu ni ya mabomba.

Shida ni kwamba bwawa lina utepe wa kukata. Bomba lililozibwa usiku pale Komarock halina picha.