Sanamu ya Mpingo ya Nangololo

Kutoka bandari ya Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, barabara huelekea bara hadi uwanda wa juu wa Wamakonde. Pwani wanakaa Wamwani, watu wa bahari na wa msikitini, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Huko juu Wamakonde wengi ni Wakatoliki, tangu mapadri wa Shirika la Montfort walipofungua misheni ya Nangololo mwaka 1924.

Misheni hiyo imeteswa zaidi ya mara moja, na si kwa mkono uleule. Agosti 1964, mwezi mmoja kabla ya Frelimo kuanza vita vya ukombozi dhidi ya Wareno, padri wake Mholanzi, Daniel Boormans, aliuawa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, serikali ya mapinduzi ilitaifisha shule na zahanati za misheni nchi nzima. Kanisa lililozoea kuwa na majengo na kibali cha Wareno likajikuta halina hiki wala kile. Septemba 1977 wajumbe wake walikutana Beira, wakaamua liwe Kanisa la jumuiya ndogondogo: padri asipokuwepo, katekista ataongoza sala na walei watazika wafu na kutembelea wagonjwa.

Kwa maoni yangu, ujasiri unaosifiwa leo Cabo Delgado ulianzia katika uamuzi huo. Masimulizi ya mateso hupenda kuanza na damu, lakini mtu hajifunzi kusali bila padri siku ambayo kijiji kinaungua. Huwa ameshajifunza.

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Wenyeji waliwaita Al-Shabab, ingawa si wale wa Somalia. Viongozi wa Kiislamu walikuwa wameionya serikali mapema juu ya kundi hilo, na Wamwani Waislamu wameuawa na kufukuzwa makwao sawa na majirani zao. Anayeieleza vita hii kama Msalaba dhidi ya Mwezi hajawasikiliza wenyeji.

Mwaka 2020 ndio uliokuwa mchungu kuliko yote. Jumanne ya Juma Kuu, tarehe 7 Aprili, vijana 52 waliuawa katika kijiji cha Xitaxi, wilayani Muidumbe. Polisi ilisema walikuwa wamekataa kujiunga na waasi. Juma hilohilo waasi waliingia kanisa la Nangololo, wakachoma mabenchi pamoja na sanamu ya Bikira Maria iliyochongwa kwa mpingo, na kuvunja ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, msimamizi wa parokia. Mpingo ni mti ambao Wamakonde wamejulikana nao duniani kote. Kilichochomwa kilikuwa imani ya watu hao ikiwa katika mti wao wenyewe. Siku ya Pasaka Papa Fransisko aliitaja Cabo Delgado mbele ya ulimwengu.

Mwezi Agosti bandari ya Mocímboa ilianguka mikononi mwa waasi. Masista wawili wa Mtakatifu Yosefu wa Chambéry, waliokuwa wamebaki mjini na watu, walitekwa, wakaachiliwa baada ya siku 24. Askofu wa Pemba, mji mkuu wa Cabo Delgado, Luiz Fernando Lisboa, Mbrazili, alisema hadharani yale ambayo serikali ilitaka yanyamaziwe, akashambuliwa vikali kwa maneno. Februari 2021 alihamishiwa Brazil. Nafasi yake ilishikwa na António Juliasse, mwana wa Msumbiji.

Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliurudisha mji wa Mocímboa tarehe 8 Agosti 2021. Wakati huo parokia za kaskazini zilikuwa zimetawanyika hadi kambi za wakimbizi wa ndani, Metuge na kwingineko. Waumini walisali chini ya miembe na maturubai kwa utaratibu uleule wa jumuiya ndogondogo.

Wengine walikimbilia kwetu, ng'ambo ya Ruvuma. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba kufikia Julai 2021, zaidi ya watu 9,600 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kutoka Tanzania tangu mwaka ule uanze. Wakristo wa Mtwara, Newala na Masasi, ambao wengi wetu tuna ndugu upande ule, tuwaombee wa Nangololo, lakini kwanza tuwatake viongozi wetu wasimrudishe tena mkimbizi yeyote vitani, awe Mkristo au Mwislamu.