Ziara ya Ufukweni: Kilwa Kivinje na Nyayo Zisizo na Makaburi

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nasi, baada ya miaka mingi ya utumishi katika miji ya mbali, tulirejea kwetu Mitole, na kutoka huko tukashuka hadi ufukwe wa Kilwa Kivinje. Maji yalikuwa yamekupwa. Mikoko ilisimama juu ya mizizi yake, ngalawa zimelala ubavu katika tope, na wanawake wachache walikuwa wakiokota kombe mbali kule maji yalikokomea. Mgeni apitaye huweza kusema kuwa hapa hapana kitu ila kimya. Kusudi la makala haya ni kumwonyesha mgeni huyo, na zaidi kuwaonyesha watoto wetu, kwamba kimya hicho kina wenyewe.

Yapo duniani mafukwe mengi matulivu ambayo watu huyaendea kwa ajili ya ibada. Mathalani, katika rasi ya Kathiawar, magharibi ya Bara Hindi, uko mji wa Dwarka, pale mto Gomti unapoingia baharini. Wahindu huamini kuwa huo ndio mji wa Krishna, nao ni mmoja wa miji minne mikuu ya hija yao, pamoja na Badrinath, Puri na Rameswaram. Kati ya minne hiyo, mitatu iko pwani. Mwenye kuhiji Dwarka huoga kwanza majini, kisha hupanda kwenda hekaluni. Bahari kwake ni kizingiti cha nyumba ya Mungu.

Msomaji atauliza: Dwarka na Kivinje vina uhusiano gani? Jibu lilikuja na upepo wa kaskazi. Mwaka hata mwaka, upepo huo ulileta majahazi ya aina ya kotia kutoka Kach na Kathiawar hadi pwani yetu, yakiwa yamesheheni nguo, na hasa kaniki, ambayo bibi zetu waliivaa hata wakaiona kuwa ni vazi la asili yao. Wafanyabiashara waliofuatana na majahazi hayo walikuwamo Waislamu na Wahindu. Miongoni mwa Wahindu walikuwamo Wabhatia wa Kach, ambao watu wetu waliwaita Wabaniani, na hao walikuwa wacha Krishna. Hivyo Mbaniani aliyeketi dukani Kivinje alikuwa na ng'ambo ya pili ya bahari hii hii mji mtakatifu alioutamani. Kwa muda mrefu wengi wao hawakuja na wake zao, wala hawakuja kwa nia ya kukaa. Walitoka kwao wakiwa na hesabu ya kurudi.

Wala mawasiliano hayo hayakuanza jana. Kilwa Kisiwani, iliyosifiwa na msafiri Ibn Battuta alipoizuru mwaka 1331, ilikuwa ikipokea nguo na shanga za Khambhat kabla Mreno hajaja kuivamia mwaka 1505. Msikiti wake mkuu na jumba la Husuni Kubwa vingali vinasimama kwa mabaki yake. Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatajwa kuwa hatarini, kwa sababu ya kuliwa na bahari na kuachwa bila matunzo, na mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi, yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini jiwe hutetewa upesi kwa kuwa huonekana. Sisi tunataka kuwasemea wasioacha jiwe.

Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa imekwisha kuipokonya Kisiwani biashara yake. Hapa ndipo ilipoishia njia kuu ya kusini, itokayo Ziwa Nyasa kwa kupitia nchi ya Wayao. Njia hiyo ilileta pembe za ndovu, na ilileta watu. Pwani yenyewe ilitoa sandarusi. Kwa sehemu kubwa ya karne hiyo, tangu miaka ya 1830, ushuru wa forodha katika milki ya Sultani wa Unguja ulikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kach. Sultani alipewa fungu lake la mwaka, na mwenye kukodi alikusanya ushuru bandarini kwa mkono wa mawakala wake, Kivinje ikiwa mojawapo. Katika daftari la forodha, pembe ilitozwa ushuru, na mtumwa alitozwa ushuru kwa kichwa.

Hapana budi tuseme kweli hiyo bila kuipaka mafuta. Vilevile hapana budi tuiseme yote. Bwana Mfaransa Morice alitiwa mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Walioteka bara walikuwa watu wa bara, walioongoza misafara walikuwa Waswahili, Waarabu na Wayao, na mashamba ya karafuu yaliyowameza yalikuwa ya matajiri wa Unguja na Pemba. Ni baada ya mkataba wa mwaka 1873, uliotiwa sahihi na Sultan Barghash, ndipo kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari kulipopigwa marufuku, na hata hapo magendo yaliendelea.

Tunayasema haya kwa kuwa yanatuhusu kwa damu. Bibi yetu mzaa mama, alipokuwa akipepeta mchele uani, alikuwa akituambia, "Wajukuu zangu, sisi tuliletwa." Hakusema tulitoka wapi. Bibi wa bibi yake alifika katika nchi hii akiwa mtoto, amefungwa, akaachwa njiani kwa sababu ya ugonjwa, naye akapona. Basi njia ile aliyoikanyaga ilikuwa kinyume cha hija. Mwenye kuhiji huenda pwani kwa hiari yake, akiwa na jina lake, akitaraji kurudi. Yeye alipelekwa pwani bila hiari, jina lake likabadilishwa, na marejeo hayakuwapo.

Tulipokuwa vijana tulitunga mashairi tukimtukana Mbaniani, tukamwita mnyonyaji, tukadhani kwamba tumekwisha kumlipia bibi yetu kisasi. Ilitupasa tuzeeke kidogo ndipo tuone upungufu wa mashairi yale. Mbaniani mchuuzi aliyeuza kaniki kwa mkopo hakuwa Jairam Shivji, na wako waliofia hapa bila kuuona tena mji wao. Kwa desturi yao Mhindu hachimbiwi kaburi. Maiti huchomwa, na majivu hutiwa majini. Na mtumwa aliyefia ufukweni naye hakuchimbiwa kaburi, lakini huyo hakunyimwa na desturi yake. Alinyimwa na binadamu wenzake. Watu hao wawili si sawa, wala hatutaki wafanywe kuwa sawa. Hata hivyo, wote wawili wamo katika kimya kile kile cha Kivinje.

Wapo pia waliotafuta utakatifu wa maji kwa sababu nyingine. Mwaka 1904 na 1905 watu wa Umatumbi na Rufiji walimiminika Ngarambe kwa Kinjeketile Ngwale, wapate maji ya dawa. Walikwenda kwa makundi kama waendavyo wenye kuhiji. Kutoka katika safari hizo ilizaliwa Vita vya Majimaji. Kinjeketile alinyongwa na Wadachi Mohoro mwezi Agosti 1905. Na miaka kumi kabla yake, mwaka 1895, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa papa hapa Kivinje kwa kuwapinga Wadachi hao hao.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakaandika maneno ya wazee walioikumbuka Majimaji. Laiti wasingalifanya hivyo, sehemu kubwa ya habari hizo ingalizikwa na wazee wale. Njia ya kati ya misafara, itokayo Bagamoyo hadi Ujiji, imekwisha kupendekezwa iwe urithi wa dunia. Njia yetu ya kusini bado inangoja. Waliotembezwa juu yake hawapo, lakini maneno kama lile la bibi yetu yangalimo katika nyumba nyingi, kutoka Mitole hadi Songea. Tunawaomba walimu na maofisa utamaduni wayaandike sasa, pamoja na yale waliyoyaacha Wahindi waliokaa nasi, ya wema na ya ubaya.

Tulipoondoka ufukweni maji yalikuwa yameanza kujaa, na wale wanawake walikuwa wakirudi na vikapu vyao vichwani. Mmoja alituuliza kama tunamtafuta mtu. Tukamjibu, ndiyo.