Bei ya Khiyari: Deni Lililovaa Kanzu

 

Ndugu zangu, kuna karatasi inazunguka sana siku hizi hapa Musoma, Bunda mpaka Butiama vijijini. Juu imeandikwa MKATABA WA MAUZIANO. Ukisoma unakuta fulani kamuuzia fulani kiwanja, au nyumba, au mtumbwi na injini yake, kwa bei ya kutupa. Chini kuna saini, dole gumba na mashahidi wawili. Lakini muuzaji hajahama. Bado analala kwenye nyumba ileile na kila mwezi anampelekea "mnunuzi" kitu kinachoitwa kodi. Akirudisha ile fedha ndani ya muda, nyumba ni yake. Asiporudisha, anatolewa vyombo nje, na ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa unaambiwa wewe uliuza mwenyewe.

Ukimuuliza mwenye karatasi hiyo, anakujibu kwa kujiamini: "Sheikh, sisi hatujakopeshana kwa riba. Tumeuziana." Wengine wanaongeza kwamba Allah amehalalisha biashara na kuharamisha riba. Maneno ni ya kweli, ila kayaweka mahali si pake.

Leo nataka nikupeleke Unguja na Pemba, uone kwamba karatasi hii si ujanja wa watu wa Mara. Ina umri mrefu kuliko babu yako, na imekwisha kula mashamba ya Waislamu wengi.

Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake kutoka Muscat kwenda Zanzibar, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, karafuu ndiyo iliyokuwa dhahabu. Mwenye uwezo akapanda mikarafuu. Sasa mkarafuu si mchicha. Unaupanda leo, unasubiri miaka sita, saba au zaidi ndipo uanze kukupa kitu cha maana. Ukishaanza kuzaa, mwaka huu unakupa nyingi, mwaka unaofuata kidogo. Katikati ya hapo mwenye shamba anakula, anavaa, anaoza watoto, anakaribisha wageni. Na kazi yote ya shamba ilifanywa na watumwa, watu waliotekwa bara na kuuzwa. Hilo nalo tuliseme wazi tusilifunike: utajiri ule ulisimama juu ya migongo ya watu waliodhulumiwa.

Fedha za kusubiria mikarafuu zilitoka kwa wafanyabiashara wakubwa wa mjini, wengi wao wenye asili ya India. Hao ndio waliofadhili hata misafara ya pembe za ndovu kwenda bara. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, pamoja na jina lake lote, safari zake zilisimama juu ya bidhaa za mkopo kutoka kwa Taria Topan. Alichukua vitambaa na shanga, akaenda mpaka Manyema na Kongo, akarudi na pembe, akalipa. Bei ya bidhaa za mkopo ilipandishwa tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyelitaja neno riba, lakini faida ya kusubiri ilikuwa ndani yake. Tippu Tip alirudi na mali na akafa tajiri hapo Zanzibar mwaka 1905. Waliopotelea njiani, wakabaki na madeni wasiyoweza kuyarudishia pwani, hao hatuwajui majina.

Turudi mashambani. Mwislamu hataki kuandika riba, na kadhi hataki kuisikia. Ikatumika njia iliyojulikana pia Oman: bei ya khiyari. Chukua mfano wangu huu, namba ni za kueleweshana tu. Una shamba la thamani ya riale 3,000. Unahitaji riale 1,000. Unakwenda kwa tajiri, "unamuuzia" shamba kwa riale 1,000, na katika waraka inaandikwa kwamba una khiyari ya kulinunua tena kwa riale hizohizo 1,000 ndani ya miaka miwili. Hapohapo unaandika waraka wa pili: yule tajiri anakukodisha shamba lako mwenyewe kwa riale 120 kwa mwaka. Unarudi nyumbani, mikarafuu ni ileile, baraza ni ileile, majirani hawajui kitu. Kwa karatasi, kuna mauzo halali na ijara halali. Kwa hesabu, umekopa 1,000 kwa riba ya asilimia 12, na ukishindwa unapoteza 3,000.

Umeiona? Sasa iweke kando ya ile karatasi ya Bunda. Kilichobadilika ni riale kuwa shilingi.

Na deni la namna hii lina ugonjwa mmoja mbaya: haliumi mwanzoni. Mtu hajisikii kama mdaiwa, anajisikia mwenye shamba. Halafu inakuja siku ambayo hakuipanga. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu mingi mno. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Mwaka uliofuata soko la watumwa la Zanzibar likafungwa kwa mkataba na Waingereza, na mwaka 1897 utumwa ukaondolewa uhalali kisheria, jambo la haki lililochelewa. Wenye mashamba waliozoea kazi ya bure wakakuta wanatakiwa kulipa wachumaji, na deni la zamani bado liko palepale. Wakakopa tena ili kulipa la zamani. Baba akafa, watoto wakarithi waraka badala ya shamba.

Ilipofika miaka ya 1930 bei za mazao zikaanguka dunia nzima, na wengi wa wenye mikarafuu walikuwa wamezama. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza Zanzibar ikatoa sheria kwa mkupuo: kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie mikononi mwa wengine kwa sababu ya madeni, kuwabana wakopeshaji, na kukipa chama cha wakulima wa karafuu madaraka katika biashara hiyo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakapinga. Jambo likavuka bahari, mwaka 1937 India ikasusia karafuu za Zanzibar, na suluhu haikupatikana mpaka 1938. Angalia deni la mtu mmoja na kimkeka chake barazani lilivyokuja kuwa ugomvi wa nchi na nchi na kupanda chuki kati ya jamii.

Naomba usinielewe vibaya hapa. Wapo wanaosimulia habari hii kama hadithi ya Wahindi wabaya. Siyo. Aliyetoa fedha alikuwa na makosa yake, na aliyechukua fedha ya karamu kwa dhamana ya riziki ya wanawe alikuwa na yake. Hapa kwetu Mara mkopeshaji ni Mkurya, Mjita, Mzanaki au Mluo mwenzako, pengine mnaswali safu moja.

Kwa fiqhi, khiyari ya sharti ipo na ni rehema: umenunua kitu, unajipa muda wa kufikiri. Lakini Imam Shafii na Imam Abu Hanifa, Allah awarehemu, waliiwekea mpaka wa siku tatu, maana lengo lake ni kufikiri, si kufuga deni. Jambo hili la kuuza kwa nia ya kurudishiwa lilienea kwa majina mengi, Hadhramaut wakaliita bei ya uhda, kwa Wahanafi wa Asia ya Kati bei ya wafaa, na wapo wanazuoni walioliruhusu kwa dharura za watu wao. Siwatukani, walikuwa na mazingira yao. Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992 liliitazama bei ya wafaa na kusema haijuzu, kwa sababu hakika yake ni mkopo unaovuta manufaa. Mimi ninaifuata kauli hiyo, na nadhani ukitafakari hesabu ya riale 120 utaifuata pia.

Pengine utasema, sheikh, hayo ya visiwani, sisi watu wa ziwa yanatuhusu nini? Huku Tanganyika Waingereza walipita njia nyingine. Sheria iliyotiwa nguvu mwaka 1931 ilifanya deni la Mwafrika kwa asiye Mwafrika lisidaiwe mahakamani bila idhini ya ofisa wa serikali. Walisema wanatulinda. Na kweli ardhi nyingi ilinusurika. Lakini pia ilimfungia mkulima mlango wa mtaji halali, akabaki na duka la jirani na mzani wa mnunuzi wa pamba. Wazee wa Bunda na Majita wanaukumbuka mzani kuliko sheria. Ndiyo sababu ushirika wa Kanda ya Ziwa ulianzia kwenye mzani: wakulima waliweka watu wao kupima pamba upya. Akina Paul Bomani wakauinua mpaka ukazaa, mwaka 1955, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuushika ununuzi wa pamba wa kanda hii yote. Ni historia ya kujivunia. Nayo pia iliharibiwa na madeni na uendeshaji mbovu, vyama vikuu vikavunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, lakini nguvu ile ya kwanza haikurudi. Palipoachwa wazi na ushirika ndipo alipoingia mwenye karatasi ya mauziano.

Yeye na ndugu yake, kausha damu. Tufanye hesabu ya mama wa dagaa wa mwalo wa Mwigobero. Anachukua shilingi 100,000, anatakiwa kurudisha 130,000 baada ya mwezi. Mwezi unafika, upepo ulikuwa mbaya, hana. Anaambiwa lipa 30,000 tu, mtaji tunauacha. Anashukuru! Akifanya hivyo miezi kumi na miwili amelipa 360,000 na bado anadaiwa 100,000 ileile. Mwalimu naye ameacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, mshahara wake anausikia kwa jirani. Na wa kwenye simu wapo: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wengi wenu mlizijua kabla ya Benki Kuu, kwa jinsi zilivyopigia simu wakwe zenu kuwatangaza.

Sasa uko ndani tayari, utatokaje? Acha kwanza kuwalipa watu kwa kufuata nani anapiga kelele zaidi. Chukua daftari, uandike kila deni: la nani, lini, ulichukua kiasi gani, umekwisha lipa kiasi gani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na sisi tunaandika michango ya harusi tu. Kisha mwonyeshe mwenzi wako daftari hilo. Nimekuwa nikisuluhisha ndoa miaka mingi, na deni lililofichwa linavunja nyumba kuliko deni lenyewe. Na wewe mume, fedha ya mkeo ni yake. Akikusaidia kulipa ni hisani, usiifanye haki yako.

Baada ya hapo nenda kwa mdai ukiwa na kitu mkononi, hata kidogo, na mtu wa kati. Kaab bin Malik alimdai Ibn Abi Hadrad wakapandishiana sauti msikitini mpaka Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akasikia kutoka nyumbani kwake. Akatoka, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab akakubali. Hapohapo akamwambia mdaiwa asimame alipe. Watu hupenda kusimulia ile nusu ya kwanza. Na kama kuna kitu cha kuuzwa, kiuze kweli, kwa bei ya soko, umalize. Usikiuze kwa karatasi ya khiyari.

Zubayr bin al-Awwam, radhiya Allahu anhu, alipouawa mwaka 36 Hijria aliacha ardhi nyingi na deni la 2,200,000. Hakukopa kwa anasa. Watu walimletea amana, naye akikataa kuipokea kama amana kwa kuogopa isije ikapotea, akisema iwe mkopo, ili awe na dhima nayo. Alimuusia mwanawe Abdullah alipe, na akishindwa amwombe msaada Mola wake. Abdullah bin Jaafar, aliyekuwa anadai 400,000, alijitolea kusamehe. Abdullah akakataa, akampa kipande cha ardhi ya Ghaba. Ardhi hiyo baba yake aliinunua kwa 170,000, yeye akaiuza kwa 1,600,000, uuzaji wa wazi, bila waraka wa pili.

Deni likaisha. Ndugu zake wakamjia: tugawie mirathi yetu. Akawaambia hapana, mpaka atangaze katika msimu wa Hija miaka minne kwamba yeyote anayemdai Zubayr aje alipwe. Kila mwaka alikuwa akitangaza. Ilipopita ile minne, ndipo akagawa, na kila mmoja wa wake wanne wa Zubayr akapata 1,200,000.

Wallahu a'lam. Darsa ijayo, inshaallah, ni deni la ng'ombe wa mahari: nani analidai, na nani analirithi baba akifa.