Waya, Ungo na Simu: Jinsi Picha Zilivyofika Peramiho

Televisheni ya waya haikupata kufika Peramiho kwa namna ilivyofika kwa watu wa Marekani. Huko, mwaka 1948, wakazi wa miji midogo ya Pennsylvania na Oregon iliyozibwa na milima hawakuweza kuzinasa picha zilizorushwa kutoka miji mikubwa. Basi wakasimika mlingoti kilimani, na waya ukateremshwa bondeni, nyumba kwa nyumba. Nasi huku Ungoni tu watu wa milima na mabonde, walakini hatukuwa na mji jirani wenye picha za kuvutiwa waya. Tanzania Bara yenyewe ilikaa bila televisheni hata mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba redio yatosha kuufundisha umma, na televisheni ni anasa ya wachache. Sithubutu kusema ilikosea.

ITV ilipoanza mwaka 1994, picha zake zilikuwa za Dar es Salaam kwanza. Kwetu picha zilishuka kutoka angani, kwa njia ya ungo. (Wageni hucheka wakisikia kwamba Ungoni nyungo hupepeta mahindi na picha pia.) Katika miji kadhaa ya nchi yetu alizuka mfanyabiashara wa namna mpya: alinunua ungo mmoja mkubwa, akanasa stesheni kadha wa kadha, akazipitisha kwa waya juu ya mapaa ya jirani zake, na mwisho wa mwezi akabisha hodi kudai ada. Huyo ndiye mwenye kebo wetu. Alikuwa mtu ajulikanaye kwa jina na kwa nyumba. Picha zikikatika usiku wa mpira, aliamshwa.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Likaingia neno king'amuzi, ambalo wengine waliliita kisimbuzi. Na lugha yetu ilijitengenezea yote mawili kwa vitenzi vyake yenyewe, kung'amua na kusimbua. StarTimes ya Wachina ilishirikiana na TBC. Azam ya Bakhresa ikafuata mwaka 2013. Hapa ndipo penye jambo ninalotaka msomaji alipime. Kampuni hizi zilitaka fedha kutoka katika kila nyumba, na nyumba hiyo husema Kiswahili. Kwa hiyo zililazimika kusema nayo. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa mno hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Azam nayo ikawafanya masultani wa Kituruki waseme Kiswahili. Waigizaji wetu wakapata kazi ya sauti, wafasiri wakapata ujira. Haya hayakutoka katika mapenzi ya lugha. Yalitoka katika hesabu ya ada.

Sasa tazama waya uliorudi. Mwaka 2009 mkongo wa Seacom ulifika pwani yetu ukipita chini ya bahari, na Mkongo wa Taifa ukaanza kuipeleka intaneti mikoani. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya umeme kutoka Makambako. Netflix ilikuwa imekwisha fungua mlango wake kwa Afrika yote mwezi Januari 2016, na YouTube haikuhitaji mlango, kwani kila simu ni mlango. Mwenye ungo bado anao mpira: mwaka 2021 Azam ilitia mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu kwa shilingi bilioni 225.6. Lakini Apple imekwisha nunua ligi ya Marekani tangu 2023, na Amazon ilionyesha mechi za ligi ya Uingereza kuanzia 2019 hadi 2024. Mpira nao hununulika. MultiChoice, iliyotawala anga la Afrika tangu miaka ya 1990, iliangukia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa mwezi Septemba 2025.

YouTube haimwuzii mtazamaji wa Peramiho king'amuzi. Humwuza yeye kwa wenye matangazo. Madhali tangazo linaloonekana Songea hulipa kidogo kuliko lile la London, kampuni haina sababu ya kututilia sauti. Wako watakaosema kwamba vijana wetu sasa hupiga filamu zao na kuzipandisha wenyewe, bila ruhusa ya mkubwa yeyote. Ni kweli, nami nazitazama. Walakini gharama ya kukifanya Kiswahili kisikike, ambayo jana ilikuwa ya muuzaji, leo imekuwa yetu.

Jioni moja nilipita kwa jirani. King'amuzi kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa, malipo yake yamekwisha. Mjukuu ameshika simu, filamu yasema Kiingereza. Naye anamfasiria bibi yake sentensi kwa sentensi, huku akiiangalia bando isimwishie.