Mwalimu na Dhamiri Yake

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hata hivyo, palikuwa na wakati nchini Uingereza ambapo sheria yenyewe ilimfungulia mwongo mlango wa chuo kikuu, ikamfungia msema kweli.

Kwa sheria ya mwaka 1662, mtu aliyetaka cheo cha uanazuoni huko Oxford na Cambridge alilazimika kukiri kwamba yu mfuasi wa Kanisa la Uingereza. Cheo hicho kilileta posho, heshima na sauti katika mambo ya chuo. Mwaka 1869 Numa Hartog, kijana Myahudi, aliwashinda wenzake wote katika mtihani mkuu wa hisabati wa Cambridge. Lakini hakupata cheo katika chuo chake cha Trinity, kwa kuwa hakuweza kuikiri imani isiyo yake.

Katika chuo hicho hicho alikuwapo Henry Sidgwick, mwalimu wa falsafa, mwenye cheo hicho tangu mwaka 1859. Miaka ilivyopita, kwa kusoma na kufikiri sana, alijiona hawezi tena kulikiri kanisa lile. Hakuna aliyemfukuza. Angaliweza kunyamaza, akaendelea kupokea posho yake. Lakini alijiuliza: Je, mwenye kuwafundisha vijana maadili aishi kwa ungamo asiloliamini? Mwaka ule ule wa 1869 akajiuzulu. Wenzake, kwa kumheshimu, walimpa kazi ya kufundisha isiyodai ungamo.

Mwaka 1871, wakati wa serikali ya Gladstone, Bunge liliyaondoa masharti hayo Oxford, Cambridge na Durham, isipokuwa katika mambo ya theolojia. Hartog, aliyekuwa ametoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, alifariki mwaka huo huo, asionje matunda yake. Sidgwick alifanywa profesa wa falsafa ya maadili mwaka 1883, na mwaka 1885 akarudishiwa cheo chake.

Mbegu hiyo iliendelea kukua. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 humlinda mfanyakazi kwa ajili ya dini yake, na pia imani yake ya kifalsafa. Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo, katika Kifungu cha 32, hukataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani yake.

Basi, msomaji, fikiri. Sheria haiwezi kumfanya mtu aamini. Yaweza tu kumfanya aseme kwamba anaamini. Na mwanafunzi atajifunza ukweli gani kwa mwalimu aliyenunua kazi yake kwa uongo?